Sheria, Hesabu na Mtihani: Historia ya Usimamizi wa Bima Marekani katika Mafunzo ya Watakwimu Bima

Casualty Actuarial Society, chama cha kitaaluma cha watakwimu bima wa Marekani wanaoshughulikia bima za mali na ajali, huwataka wanaotafuta uanachama wafaulu mfululizo wa mitihani, na mmoja kati ya hiyo, mtihani wa sita, hauhusu hesabu za uwezekano bali usimamizi wa bima na utoaji wa taarifa za fedha. Mtakwimu bima ni mtaalamu anayekadiria kwa hisabati gharama ya majanga ambayo ama hayajatokea, ama yametokea lakini fidia yake haijalipwa. Lakini kwa ajili ya mtihani huu mtahiniwa hukaa miezi kadhaa akisoma hukumu za mahakama, sheria za bunge, kanuni za uhasibu na fomu za serikali. Mada hizo hazikupangwa siku moja na kamati moja. Zilijikusanya kwa zaidi ya karne moja na nusu, nyingi zikiingia baada ya wakatiwa bima kudhulumiwa au kuachwa bila fidia, na ndiyo maana mtahiniwa anayezikariri bila kujua chanzo chake huziona kama utitiri wa masharti yasiyo na mantiki.

Msingi wa yote ni kwamba Marekani, tofauti na Tanzania au Kenya ambako mamlaka moja ya kitaifa husimamia biashara ya bima, iliacha kazi hiyo mikononi mwa majimbo. New Hampshire iliteua kamishna wa bima mwaka 1851, na Massachusetts ikafuata muda si mrefu. Huko Massachusetts ndiko alikotokea Elizur Wright, mwanahisabati na mpinzani shupavu wa utumwa, ambaye mwaka 1844 alishuhudia mjini London mikataba ya bima ya maisha ya wazee walioshindwa kuendelea kulipa ada ikinadiwa kwa walanguzi, watu ambao faida yao ilitegemea wazee hao wafe mapema. Kwa mtu aliyetumia ujana wake kupinga mnada wa binadamu, jambo hilo halikuvumilika. Kwa juhudi zake Massachusetts ilipitisha sheria ya mwaka 1858 iliyoilazimu kila kampuni ya bima ya maisha kutenga akiba iliyokokotolewa kwa kanuni maalumu, na ile ya mwaka 1861 iliyozuia mkatiwa bima kupoteza kila kitu kwa kukatiza malipo, na yeye mwenyewe, akiwa kamishna, alisimamia utekelezaji wake. Wazo kwamba fedha za akiba si mali ya kampuni bali ni deni lake kwa waliokatiwa bima, wazo ambalo leo limo katika kila ukurasa wa taarifa za fedha za bima, lilipata nguvu ya sheria nchini Marekani kwa mkono wa Wright, na hakuna kamishna mwingine wa karne ile anayestahili heshima kubwa kuliko yeye.

Mamlaka ya majimbo yalithibitishwa na kesi ya Paul dhidi ya Virginia. Samuel Paul, wakala wa kampuni za bima ya moto za New York, aliuza bima mjini Petersburg bila leseni, kwa kuwa kampuni alizoziwakilisha hazikuweka dhamana ambayo sheria ya Virginia ilizidai kampuni zilizotoka nje ya jimbo, naye akatozwa faini ya dola 50. Nyuma yake zilisimama kampuni zenyewe, zilizochoshwa na masharti tofauti ya kila jimbo na kutamani msimamizi mmoja wa kitaifa. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutoa mkataba wa bima si biashara baina ya majimbo, kwa hiyo Katiba haikulizuia jimbo kuisimamia. Hukumu hiyo ilitawala kwa miaka 75.

Baada ya njia ya kitaifa kuzibwa hivyo, makamishna wa majimbo walikutana New York mwezi Mei 1871, kwa mwito wa George W. Miller aliyekuwa msimamizi wa bima wa jimbo hilo, na kuanzisha umoja ambao leo unajulikana kwa kifupi chake, NAIC. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kukubaliana juu ya fomu moja ya taarifa ya mwaka ambayo kampuni ingeijaza kwa majimbo yote. Mwezi Oktoba mwaka huohuo moto mkubwa wa Chicago uliteketeza maelfu ya majengo na kuziangusha kampuni nyingi za bima ya moto, na haja ya kujua mapema ni kampuni ipi ina uwezo wa kulipa ikawa dhahiri kwa kila mtu. Fomu hiyo, iliyorefushwa mara nyingi tangu hapo, ndiyo ambayo mtahiniwa wa leo hutakiwa kuijua jedwali kwa jedwali.

Chama chenyewe cha watakwimu bima kilizaliwa kutokana na fidia ya wafanyakazi, yaani mpango unaomlazimu mwajiri kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini bila kuuliza kosa ni la nani. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya rufaa ya jimbo la New York ilibatilisha sheria ya kwanza ya jimbo hilo ya fidia ya aina hiyo, na kesho yake moto katika kiwanda cha nguo cha Triangle ukaua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Majimbo mengi yalipitisha sheria za fidia katika miaka iliyofuata, na kampuni zikajikuta zikiuza bima ambayo hazikuwa na takwimu zake, huku malipo kwa mlemavu au mjane yakiweza kuendelea kwa miongo. Tarehe 7 Novemba 1914 wataalamu waliokabiliwa na tatizo hilo waliunda chama chao, na rais wake wa kwanza akawa Isaac Rubinow, daktari aliyezaliwa Urusi na mtetezi mkubwa wa bima ya jamii. Mitihani ilianza muda mfupi baadaye.

Hukumu ya Paul ilitenguliwa mwaka 1944. Serikali ya shirikisho ilikuwa imeushtaki umoja wa kampuni za bima ya moto za majimbo ya kusini-mashariki kwa kupanga bei na kuwasusia wasiojiunga nao, na Mahakama ya Juu, kwa kura 4 dhidi ya 3, ikaamua kwamba bima ni biashara baina ya majimbo. Majimbo yaliingiwa na hofu ya kupoteza mamlaka na kodi zao. Bunge la shirikisho lilijibu mwaka 1945 kwa Sheria ya McCarran-Ferguson, inayoyarudishia majimbo usimamizi na kuzikinga kampuni za bima dhidi ya sheria za kuzuia ukiritimba kwa kadiri jimbo lenyewe linavyosimamia, isipokuwa pale zinapotumia ususiaji, shuruti au vitisho.

Upande wa hesabu ndio unaowatesa zaidi watahiniwa, na ndio wenye utajiri mkubwa wa maana. Kampuni ya bima ya Marekani inayouza hisa hutayarisha hesabu kwa mifumo miwili: ule wa kawaida unaomlenga mwekezaji anayetaka kujua faida, na ule wa kisheria unaomlenga kamishna anayetaka kujua kama fidia zingelipwa hata kampuni ingefungwa karibuni. Kampuni ikiuza mkataba wa mwaka mmoja tarehe 1 Desemba, kufikia mwisho wa mwezi huo imestahili takriban sehemu moja tu ya kumi na mbili ya ada, na iliyobaki huandikwa kama deni. Lakini kamisheni ya wakala imekwisha kulipwa yote. Mfumo wa kawaida huisambaza gharama ya kamisheni katika muda wa mkataba, ilhali mfumo wa kisheria huitoa yote papo hapo, kwa sababu fedha iliyokwisha kumfikia wakala haiwezi kumlipa aliyeunguliwa na nyumba. Kwa mantiki hiyohiyo samani za ofisi hazihesabiwi kuwa mali, wala ada ambazo mawakala wamechelewa kuziwasilisha kwa zaidi ya siku 90. Hata hivyo majimbo yaliendelea kutofautiana katika mambo madogo mpaka kanuni hizo zilipokusanywa na NAIC katika mwongozo mmoja ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2001.

Ndani ya taarifa ya mwaka lipo Jedwali P, ambalo huyapanga madai ya bima kwa mwaka wa ajali na kuonyesha jinsi makadirio ya gharama yalivyobadilika mwaka hadi mwaka kwa miaka 10, kiasi kwamba tarakimu zake hufanya umbo la pembetatu. Faida yake ni kuwa kampuni haiwezi kuficha kwa muda mrefu akiba pungufu: iliyodai mwaka mmoja kwamba ajali zake zitagharimu kidogo hujikuta, miaka mitatu baadaye, ikilazimika kuandika kiasi kikubwa zaidi katika mstari uleule, mbele ya macho ya kamishna.

Mfumo wote huo haukuzuia maanguko ya miaka ya 1980, ambapo kampuni kama Transit Casualty na Mission zilianguka baada ya kukabidhi mamlaka ya kuuza bima kwa mawakala wasiosimamiwa vyema na kutegemea mno bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima hujikatia kwa kampuni nyingine. Mwaka 1990 kamati ya bunge iliyoongozwa na John Dingell ilitoa ripoti kali iliyowalaumu wasimamizi wa majimbo, na majimbo, yakihofia kuingiliwa na serikali ya shirikisho, yakachukua hatua. Kuanzia mwaka 1994 mtaji wa kampuni za mali na ajali ulianza kupimwa kwa kiwango cha hatari ambayo kampuni hizo huibeba: kampuni ambayo uwiano wake unashuka chini ya asilimia 200 hudaiwa mpango wa kujirekebisha, na inayoshuka chini ya asilimia 70 kamishna hulazimika kuitwaa. Katika miaka hiyohiyo maoni ya maandishi ya mtakwimu bima kuhusu utoshelevu wa akiba yakawa sharti la taarifa ya mwaka, na hivyo mtahini na mtahiniwa wakajua kwamba somo hili lina mwisho wake katika saini ya mtu mmoja anayewajibika kwa jina lake.

Mtihani wa sita hutolewa kwa kufuata nchi, ukiwa na toleo la Marekani na la Kanada, kwa kuwa sheria haivuki mpaka kama hisabati. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwezi Januari 2021 iliiondolea bima ya afya sehemu kubwa ya kinga ya mwaka 1945 dhidi ya sheria za kuzuia ukiritimba, lakini kwa bima za mali na ajali Sheria ya McCarran-Ferguson ingali inatumika, na usimamizi wake ungali mikononi mwa majimbo.