Vitenzi vya mwendo wa maji: maana ya msingi na matumizi ya kitamathali

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachotosha kwa kila mwendo wa maji. Mfasiri anayekuta neno moja tu katika lugha ya kigeni huelekea kuandika *tiririka* kila mahali, na katika riwaya huenda asilaumiwe. Katika maelekezo ya huduma ya kwanza mambo ni tofauti. Damu inayochuruzika kidoleni hufungwa kitambaa. Damu inayobubujika pajani huweza kuua kwa dakika chache. Maelekezo yanayosema "damu ikitiririka" hayamwelezi msomaji yuko katika hali ipi kati ya hizo mbili.

Tiririka hudai njia na mteremko. Mto Mara, unaoanzia nyanda za Mau nchini Kenya na kupita Serengeti, hutiririka hadi Ziwa Victoria, karibu na Musoma. Lakini maji ya ziwa hilohilo yanayochukuliwa Mugango na kupelekwa Kiabakari na Butiama hayatiririki kwenda huko, kwa kuwa yanapanda: *husukumwa* kwa pampu. Yakishafika kwenye tangi lililo mahali pa juu, huteremka yenyewe bombani, na mafundi wa maji wa Tanzania huuita mwendo huo *mserereko*, kutokana na *serereka*. Katika tamathali, tiririka hubeba wazo la mfululizo usiokatika: *maneno yalimtiririka*, *hoja zinatiririka vizuri*. Nomino *mtiririko* imezoeleka katika uhakiki kwa maana ya mpangilio wa matukio au hoja, kiasi kwamba wachache hukumbuka maji wanapoitaja. Ndivyo ilivyo pia kwa *mkondo*, ambao shuleni umekuwa jina la mgawanyo wa darasa: *shule yenye mikondo miwili*.

Churuzika ni mwendo mwembamba wa maji machache yasiyokatika. Methali *Chururu si ndo! ndo! ndo!* huweka mpaka ambao kamusi nyingi huupita haraka: uzi wa maji, hata uwe mwembamba, haulingani na matone. Kinachodondoka au kutona hakichuruziki.

Bubujika huanzia chini au ndani, kwa nguvu inayosukuma kutoka huko: *chemchemi inabubujika*. Ndiyo maana kitenzi hiki hufaa kwa hisia zinazotoka moyoni, na *furaha ilimbubujika* ina nguvu kuliko *furaha ilimtiririka*, ambayo masikioni mwa wengi ni kauli iliyolegea. Miminika huanzia juu, au huanzia pande nyingi na kuelekea pamoja: mvua humiminika, na watu, misaada na pongezi humiminika. Msafara wa watu wanaofuatana barabarani unaweza kutiririka. Umati unaotoka kila mtaa kuelekea uwanjani humiminika.

Kisarufi, vitenzi hivi vingi vina umbo la kutendeka. Vingine vina mzizi unaotumika peke yake (*mwaga–mwagika*, *mimina–miminika*). Vingine, kama tiririka na furika, havina jozi ya namna hiyo katika matumizi ya leo. Umbo hilo halimkubali mtenda. Sentensi *Maji yalimwagika na mtoto*, inayoonekana mara kwa mara katika insha za wanafunzi, si sahihi. Husemwa *yalimwagwa na mtoto*, au *yalimwagika* bila kumtaja yeyote. Mwalimu asikomee kwenye kanuni hiyo, kwani mwanafunzi makini atauliza: mbona *alibubujikwa na machozi* husemwa? Jibu ni kwamba hapo kiima ni mtu anayepatwa na mtoko, na kinachofuata *na* ni kile kinachotoka. Mtenda hayumo. Sentensi ina muundo ule ule wa *alitokwa na jasho*.

Furika hugeuza nafasi za kiima kwa urahisi: *watu walifurika uwanjani*, *uwanja ulifurika watu*, *uwanjani mlifurika watu*. Zote ni sahihi, ila ya pili hueleza kwamba uwanja wote ulijaa, na ya kwanza hailazimishi hivyo.

Vuja husema kwamba chombo kimeshindwa kuzuia kilichomo. Siri huvuja na mtihani huvuja, anayesababisha *huvujisha*. Bomba linalovuja si bomba lililopasuka, na tangazo la mamlaka ya maji linalochanganya mawili hayo huwapotosha wateja kuhusu muda watakaokaa bila maji. Kuna pia *kuvuja jasho*, ambapo kiima ni mtu mwenyewe. Kutokana na kauli hiyo, lugha ya siasa ya Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilipata *mvuja jasho* kama kinyume cha *mnyonyaji*.

Jozi jaa na kupwa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kuwa Kiswahili kilikulia pwani. Baharini maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kila siku. Ziwa Victoria halina mwendo huo kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Hupanda kwa mvua na kushuka kwa miezi au miaka. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 kina chake kilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 kikafikia tena kiwango cha juu kabisa. Kwa msikilizaji wa Musoma, *ziwa limejaa* haliahidi kwamba maji yatarudi baada ya saa chache. Kwa msikilizaji wa Tanga, *maji yamejaa* huahidi hivyo hasa. Mwandishi wa onyo kwa wakazi wa kando ya ziwa afadhali aandike *kina kinapanda* au, maji yanapotarajiwa kuingia makazini, *yatafurika*. Kinyume chake kwa ziwa ni *kupungua*. Kupwa kunafaa bahari.

Mfasiri wa Shakespeare hukutana na jozi hii katika tamthilia ya Julius Caesar, tendo la nne, ambapo Brutus analinganisha mambo ya wanadamu na maji ya bahari yanayopaswa kutumiwa yanapojaa. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mbali na bahari, aliifasiri tamthilia hiyo ikachapishwa 1963, kisha ikatoka upya 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Kwa picha hiyo Kiswahili kina vitenzi tayari, na mfasiri hana haja ya kuunda kitu. Aangalie umbo tu: kupwa ni kitenzi cha silabi moja, hivyo *maji yamekupwa*, *yatakupwa*, lakini *hupwa* na *yakipwa*.