Yai Likipoa Huwa Viza: Serikali ya Marekani na Vituo Atamizi vya Biashara za Wachache

Kituo atamizi ni mahali ambapo biashara changa hupangishwa chumba kwa kodi nafuu, ikatumia vifaa pamoja na nyingine, ikapata ushauri wa hesabu na sheria, na ikaunganishwa na wenye mitaji na wanunuzi, hadi itakapoweza kujitegemea na kuiachia nyingine nafasi. Jina hilo limetokana na kazi ya kuku juu ya mayai, na katika historia ya vituo hivi kuku alikuwapo kwelikweli. Jengo linalotajwa kuwa la kwanza la aina hii nchini Marekani lilianza kupangishwa mwaka 1959 katika mji wa Batavia, jimbo la New York, baada ya kiwanda cha zana za kilimo cha Massey-Harris kufungwa na kuuacha mji ukiwa umejaa wasio na kazi. Joseph Mancuso, ambaye familia yake ililinunua jengo hilo, hakupata mpangaji mmoja wa kulijaza, akaligawa kwa wafanyabiashara wadogo. Miongoni mwa wapangaji wa mwanzo ilikuwamo kampuni ya kutotolesha vifaranga, na kutokana nayo jengo zima likaanza kuitwa kwa jina la mashine ya kutotolea.

Batavia ilikuwa kazi ya familia moja yenye jengo na uwezo wa kusubiri. Katika mitaa ya wachache ya miji mikubwa ya Marekani, yaani mitaa ya Wamarekani Weusi, ya wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini na ya makundi mengine ambayo sheria na desturi ziliyaweka pembeni, jengo halikuwapo na uwezo wa kusubiri haukuwapo, ndiyo maana serikali ilitakiwa iwe kuku. Historia ya miaka zaidi ya hamsini inaonyesha kuwa serikali hiyo imekuwa ikiatamia kwa pupa baada ya kila msukosuko na kuinuka kabla ya mayai kuanguliwa, na kwamba vilivyobaki hai ni vile ambavyo wenyeji wenyewe walishika umiliki wa ardhi na majengo.

Upungufu wa mtaji katika mitaa hiyo haukutokana na uvivu wa kuweka akiba. Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikielekea ukingoni, Bunge la Marekani liliidhinisha benki ya akiba kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, iliyojulikana kama Freedman's Savings Bank, na watu hao wakaweka humo senti zao wakiamini kuwa mkono wa serikali uko nyuma yake. Ilipofilisika mwaka 1874 kutokana na mikopo mibovu na usimamizi mbaya, wenye akiba zaidi ya 60,000 waliachwa wakidai karibu dola milioni 3. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba, HOLC, lilichora ramani za miji zikiwa na rangi za viwango vya hatari, na mitaa ya Weusi ikapakwa nyekundu. Kwa kuwa nyumba ndiyo dhamana ya kwanza ya mfanyabiashara mdogo anayeomba mkopo, mtaa ambao nyumba zake zimeshushwa thamani na wakopeshaji hauwezi kumpa kijana wake hata mtaji wa kuanzia karakana.

Jibu la mapema lenye mafanikio halikutoka Washington, bali kanisani. Mwaka 1962 mchungaji Leon Sullivan wa kanisa la Zion Baptist, kaskazini mwa Philadelphia, aliwaomba waumini wake watoe dola 10 kila mwezi kwa miezi 36, mpango uliokuja kuitwa 10-36. Katika dola 360 za kila mwanachama, 160 zilikwenda kwenye mfuko wa huduma za jamii na 200 zilinunua hisa katika kampuni ya uwekezaji. Haba na haba ikajaza kibaba: fedha hizo zilisaidia kujenga Progress Plaza, kituo cha maduka kilichofunguliwa mwaka 1968 katika barabara ya North Broad, kikimilikiwa na Weusi na kuwapa nafasi wafanyabiashara wao. Kabla ya hapo, mwaka 1964, Sullivan alikuwa ameligeuza jengo la zamani la mahabusu ya polisi kuwa chuo cha kufundisha ufundi, na chuo hicho kikazaa mtandao ulioenea katika miji mingine ya Marekani na hadi Afrika. Jina lake liliwafikia pia wasomaji wa Afrika Mashariki Juni 2008, wakati mkutano wa kimataifa ulioitwa kwa heshima yake, naye akiwa amefariki dunia tangu mwaka 2001, ulipofanyika Arusha.

Serikali kuu iliingia kwa mlango wa Brooklyn, jijini New York. Februari 1966 seneta Robert Kennedy alitembelea Bedford-Stuyvesant, mojawapo ya maeneo makubwa ya Weusi nchini humo, akakuta wakazi waliochoshwa na wageni wanaokuja kuwachunguza na kuondoka. Mwaka huohuo yeye na seneta mwenzake wa New York, Jacob Javits, aliyekuwa wa chama pinzani, walisimamia marekebisho ya sheria ya kupambana na umaskini yaliyoanzisha mpango wa kupeleka fedha za serikali moja kwa moja kwenye mashirika ya maendeleo ya mitaa. Bedford-Stuyvesant Restoration Corporation, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lililokuwa mfano wa mashirika hayo: lilikarabati nyumba, likakopesha wafanyabiashara wa mtaa, na likakigeuza kiwanda cha zamani cha kufungasha maziwa katika barabara ya Fulton kuwa makao ya ofisi, maduka na ukumbi wa sanaa. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba fedha za serikali zilinunua kitu kisichohamishika, na kitu hicho kikaandikwa kwa jina la shirika la mtaa.

Kiangazi cha 1967 kilibadilisha kasi ya mambo. Ghasia zilizozuka katika mitaa ya Weusi ya Newark ziliua watu 26 na za Detroit 43, na tume iliyoongozwa na gavana Otto Kerner ilieleza mwaka uliofuata kuwa mzizi wa fitina ni ubaguzi na ukosefu wa fursa. Wakala wa Biashara Ndogo, uliokuwapo tangu 1953, ulirudi kwenye kifungu ambacho kilikuwa kimekaa vitabuni bila kutumika sana, kifungu cha 8(a), kinachouruhusu kuchukua zabuni za wizara na idara nyingine kisha kuzigawa kwa wakandarasi wadogo, na ukaanza kukielekeza kwa makampuni ya wachache. Kwa hatua hiyo serikali iligusa kiungo ambacho vituo atamizi vingi hukikosa, yaani mnunuzi wa uhakika, kwa sababu biashara changa inaweza kupewa chumba na ushauri ikafa bado kwa kukosa wa kumuuzia.

Machi 5, 1969, Rais Richard Nixon, aliyekuwa ameahidi kile alichokiita ubepari wa Weusi, alitia saini amri namba 11458 iliyoanzisha Ofisi ya Biashara za Wachache ndani ya Wizara ya Biashara, chini ya waziri Maurice Stans. Ofisi hiyo ilizaliwa bila mfuko wake. Kazi yake ilikuwa kuratibu programu zilizotawanyika katika idara nyingine na kuyashawishi makampuni makubwa yasaidie. Sambamba nayo yaliundwa makampuni binafsi ya uwekezaji yenye leseni ya serikali, ambayo yaliweka fedha zao katika biashara za wachache na kuruhusiwa kukopa nyongeza serikalini. Amri ya pili, ya mwaka 1971, ndiyo iliyoipa ofisi uwezo wa kugharamia vituo vya ushauri mijini, na mwaka 1979 ikabadilishwa jina kuwa Wakala wa Maendeleo ya Biashara za Wachache, au MBDA. Hata hivyo msingi wake ulibaki kuwa amri ya rais, si sheria ya Bunge, na kilichoandikwa kwa kalamu ya rais mmoja kinaweza kufutwa kwa kalamu ya mwingine.

Muongo uliofuata ulikuwa wa mavuno. Mwaka 1977 mbunge Parren Mitchell wa Maryland alifaulu kuingiza katika sheria ya kazi za umma, yenye thamani ya dola bilioni 4, sharti la kutenga asilimia 10 kwa makampuni ya wachache, na mwaka 1978 Bunge likaupa mwelekeo huo mpya wa kifungu cha 8(a) msingi wa kisheria. Mjini Atlanta meya Maynard Jackson, Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo, alishikilia kwamba asilimia 25 ya kazi za upanuzi wa uwanja wa ndege ziende kwa makampuni ya wachache, na jengo jipya la abiria likafunguliwa mwaka 1980. Mmoja wa walionufaika na enzi hiyo alikuwa mkandarasi Herman Russell, aliyeanza maisha kwa kazi ya kupiga lipu. Baada ya kifo chake mwaka 2014, makao makuu ya zamani ya kampuni yake yaligeuzwa kuwa kituo atamizi cha wajasiriamali Weusi. Hapo mduara ulitimia: zabuni ilimkuza mkandarasi, na jengo la mkandarasi likawa kiota cha waliomfuata.

Palipo na zabuni zisizoshindaniwa, ufisadi nao haukawii. Wedtech, kampuni ya South Bronx iliyosifiwa hadharani na Rais Ronald Reagan mwaka 1984 kwa kuajiri wakazi wa mtaa ulioharibika, ilipata kandarasi za jeshi kupitia 8(a) kwa hongo na udanganyifu kuhusu nani hasa anaimiliki. Ilifilisika Desemba 1986, na mbunge Mario Biaggi akatiwa hatiani mwaka 1988 kwa kuhusika na hongo hiyo. Mwaka huohuo Bunge liliurekebisha mpango na kuweka ukomo wa miaka 9, minne ya kulelewa na mitano ya kuzoeshwa ushindani, ili kampuni isikae chini ya bawa maisha yote.

Pigo zito zaidi lilitoka mahakamani. Jiji la Richmond, Virginia, ambako karibu nusu ya wakazi walikuwa Weusi lakini makampuni ya wachache yalikuwa yamepata asilimia 0.67 tu ya kandarasi kuu za jiji katika miaka mitano, liliwataka wakandarasi wakuu wayape makampuni hayo angalau asilimia 30 ya thamani ya kila kandarasi. Januari 1989 Mahakama ya Juu ililifuta agizo hilo, ikieleza kuwa mpango wowote unaotaja rangi lazima upite katika kipimo kikali, maana yake serikali ithibitishe ubaguzi mahususi inaoutibu na dawa isizidi ugonjwa. Mwaka 1995, katika kesi ya kampuni ya ujenzi ya Adarand, kipimo hicho kikawekwa pia juu ya serikali kuu. Tangu hukumu ya Richmond watunga sera walianza kutaja mahali badala ya rangi: maeneo maalumu ya uwezeshaji yaliteuliwa mwaka 1994 katika miji kama Detroit na Chicago, mfuko wa taasisi za fedha za jamii ulianzishwa mwaka huohuo, mpango wa zabuni kwa maeneo duni uliitwa HUBZone mwaka 1997, na nafuu ya kodi kwa wawekezaji ikaja mwaka 2000. Njia hiyo ilikuwa salama mbele ya majaji, ingawa mwekezaji anayepata nafuu kwa kujenga katika mtaa maskini halazimiki kuwa mtu wa mtaa huo, na mara nyingi si wa huko.

Novemba 2021, zaidi ya nusu karne baada ya amri ya Nixon, Bunge hatimaye liliipa MBDA msingi wa kudumu wa kisheria, na mwaka 2023 wakala huo ukatangaza dola milioni 125 kwa taasisi 43 zinazoendesha vituo atamizi na programu za kukuza biashara. Furaha hiyo haikuwa kamili. Julai 2023 mahakama ya Tennessee iliizuia serikali kuchukulia kuwa mwombaji wa 8(a) kutoka kundi fulani amedhulumiwa kwa sababu tu ya kundi lake, na waombaji wakatakiwa kueleza maisha yao mmoja mmoja. Machi 5, 2024, ukiwa umetimia mwaka wa 55 kwa siku ileile ya amri ya Nixon, jaji wa Texas aliamua kuwa MBDA haiwezi kuchagua wa kumhudumia kwa kigezo cha rangi. Machi 2025 Rais Donald Trump aliamuru wakala huo upunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Majimbo 21 yakaenda mahakamani, na Mei mwaka huo jaji wa Rhode Island akaizuia hatua hiyo kwa muda.

Yai la kuku huhitaji joto la siku 21 zisizokatika, na mfugaji yeyote anajua kuwa kuku wa kuinuka-inuka huacha mayai viza. Biashara changa huhitaji miaka, nayo ni mingi kuliko muhula wa rais mmoja, hivyo kosa kubwa la msaada wa Marekani halikuwa uchache wa fedha pekee, bali kuzifunga kwenye ofisi badala ya kuzifunga kwenye mali ya jamii inayosaidiwa. Progress Plaza ilipozeeka, ilikarabatiwa, na duka kubwa la vyakula likafunguliwa humo mwaka 2009 kwa msaada wa mpango wa jimbo la Pennsylvania. Februari 2010 Michelle Obama, mke wa rais, alilitembelea kama mfano wa kuigwa. Fedha za serikali ziliwakuta wenyeji wakiwa tayari na ardhi na jengo lao, mali iliyoanza na dola 10 kwa mwezi za waumini wa kanisa moja, na mali hiyo ingali imesimama katika barabara ya North Broad.