Pampu ya joto ilijulikana tangu 1852, sasa mbona bado tunaoga kwa tokeni?

Julai hii nilinunua tokeni Jumapili jioni, na Alhamisi asubuhi, sabuni ikiwa kichwani, stima ikapotea. Haikuwa blakaut. Majirani walikuwa wanasikiza redio zao poa kabisa. Nilichungulia mita na taulo kiunoni, ikaniangalia na sifuri yake. Mwizi namjua: ni ile instanti shawa iko hapo juu ya kichwa, ambayo pia ukigusa mfereji vibaya inakusalimia na mkono unakufa ganzi mpaka lanchi.

Hiyo siku nilioga maji baridi, alafu nikakaa chini nikaanza kusoma kuhusu maji moto. Enyewe nilitarajia kupata kitu ya sola. Nikapata hadithi ya mashine inaitwa pampu ya joto, na kitu iliniuma ni mwaka. 1852.

Kwanza tuelewane hii mashine ni nini, kwa sababu wengi wenu mnayo kejani na hamjui. Weka mkono nyuma ya friji ama ubavuni mwake. Kuna joto, sivyo? Hilo joto limetolewa kwa sukuma na maziwa yako ndani. Kuna gesi inazunguka kwa mabomba: upande mmoja inaachiwa ipanuke, inakuwa baridi sana na inanyonya joto; upande wa pili kompresa inaibana, inakuwa moto na inatema lile joto. Pampu ya joto ni hiyo hiyo friji, ila unataka ule upande wa nyuma. Inanyonya joto kwa hewa ya nje, ama kwa mto, ama kwa udongo, na inaleta ndani ya nyumba au kwa tangi la maji. Ukiigeuza mwelekeo, inatoa joto ndani na kulitupa nje, na hapo umepata baridi ya kiangazi.

Faida yake iko kwa hesabu. Instanti shawa inatengeneza joto: yuniti moja ya stima inatoa yuniti moja ya joto, basi. Pampu haitengenezi, inahamisha. Fikiria mtu wa mkokoteni pale Marikiti. Hakulima zile kabichi, na nguvu ya kusukuma gunia ni ndogo sana ukilinganisha na nguvu ya kulima shamba. Kwa yuniti moja ya stima, pampu nzuri inaweza kukuletea yuniti tatu za joto, wakati mwingine zaidi. Hata hewa unayoona ni baridi bado iko na joto la kuibiwa.

Sasa turudi 1852. William Thomson, yule dunia ilikuja kumuita Lord Kelvin, alikuwa na miaka 28 na tayari ni profesa pale Glasgow. Aliandika makala kuhusu kupasha joto na kupoza majengo kwa kutumia hewa. Nyumba moja, mashine moja, kazi mbili. Alionyesha kwamba ukitumia makaa ya mawe kuendesha mashine kama hiyo, utahitaji makaa kidogo kuliko ukiyachoma tu kwa meko. Wazo lilikuwa sawa kabisa. Lakini hii ni Glasgow, mji umekalia makaa. Nani atanunua mashine ya kuhifadhi kitu kinachimbwa hapo kando? Thomson alienda akafanya mambo mengine na hiyo karatasi ikakaa.

Wa kwanza kujenga alikuwa mtu wa chumvi. Peter von Rittinger, Austria, kiwanda cha Ebensee, kati ya 1856 na 1857. Walikuwa wanachemsha maji ya chumvi mpaka yakauke, na kuni zilikuwa zinaisha kama tokeni zangu. Yeye akachukua ule mvuke unaopotea hewani, akaubana kwa nguvu ya maji ya mto, ukawa moto zaidi, akaurudisha uchemshe maji mengine. Chumvi iliganda ndani ya mitambo ikasumbua, lakini kanuni ilifanya kazi. Ona mwenyewe: aliyejenga ndiye aliyekuwa analipia kuni.

Hapo ndipo nilianza kuona kitu, na nikakifuata mpaka mwisho.

Mwisho wa miaka ya 1920, injinia wa stima anaitwa Haldane aliweka pampu nyumbani kwake Scotland, ya kupasha nyumba na maji ya kuoga. Nyumba yake, bili yake. Mwaka wa 1938, jiji la Zürich liliweka pampu kwa jumba lake la baraza, inavuta joto kutoka mto Limmat unaopita hapo chini. Uswisi haina makaa ya maana, ilikuwa inaagiza kutoka nje, na mawingu ya vita yalikuwa yamejaa. Kile ilikuwa nacho ni stima ya mabwawa. Ile mashine ilipasha jumba joto mpaka 2001. Miaka 63! Mimi simu yangu haijawahi kumaliza mitatu. Vita vilipoanza na makaa yakawa ya kutafutwa na tochi, Zürich hiyo hiyo iliongeza pampu zingine, hadi kwa bwawa la kuogelea la umma.

Alafu kuna huyu mzee wa Norwich, Uingereza, ambaye nampenda sana. John Sumner alikuwa injinia wa stima wa mji. Mwaka 1945, vipuri hakuna, kila kitu ni kwa kibali cha serikali. Akaokota vyuma vikuukuu, akaunga mashine ya kupasha jengo la idara yake kwa joto la mto Wensum. Jua kali tupu. Ilitoa zaidi ya mara tatu ya stima iliyokula, na yeye aliandika vipimo kila kitu. Baadaye akajiwekea nyingine nyumbani kwake. Nchi nzima ikasema hongera, ikaendelea kuchoma makaa.

Serikali ya Uingereza ilijaribu mara moja, kwa mbwembwe. Ukumbi wa Royal Festival Hall ulifunguliwa London mwaka 1951, ukapewa pampu ya kuvuta joto kutoka mto Thames, inaendeshwa na injini za Merlin, zile za ndege za kivita Spitfire. Ilifanya kazi mpaka ikapitiliza: ilikuwa kubwa kuliko ukumbi ulivyohitaji, gharama haikuingia akilini, ikatolewa. Ukitaka kuua teknolojia nzuri, inunue saizi mbaya mbele ya watu.

Miaka ya 50 na 60 mafuta yalikuwa bei ya karanga, na pampu ikalala. Iliamshwa Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilikata mafuta, na ndani ya miezi michache pipa likatoka kama dola 3 hadi karibu 12. Sweden iliumia vibaya kwa sababu nyumba nyingi zilipashwa kwa mafuta ya kuagiza. Watu wakaanza kuweka pampu. Kufikia katikati ya miaka ya 80, Stockholm ilikuwa na pampu kubwa pale Ropsten zinazovuta joto kutoka maji ya bahari na kulisambaza mjini kwa mabomba.

Lakini msidhani ilikuwa laini. Walikuja mafundi wa ovyo, mashine zikawekwa vibaya, kampuni zikafunga na kuacha wateja na vyuma vimekufa. Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaanguka, na wengi wakasema tuliwaambia. Sweden haikuachilia. Miaka ya 90 serikali iliita watengenezaji washindane kuleta pampu bora na ya bei nafuu kwa nyumba za kawaida, ikapandisha ushuru kwa mafuta, na kufundisha mafundi. Hiyo ndiyo sehemu watu husahau wakipiga picha za mashine.

Pia ilibidi watu wajifunze kuishi nayo. Aliyezoea boila ya mafuta huwasha ikichacha, redieta inafika digrii 70, anazima. Pampu haipendi hivyo. Kadiri unavyoidai joto la juu, ndivyo inavyokula stima. Inataka ipashe maji ya digrii 35 au 40 hivi, yapite kwa mabomba chini ya sakafu ama redieta kubwa, na iachwe iende polepole mchana na usiku. Ukiizima asubuhi ukidhani unaokoa, jioni itakimbia kama mtu amechelewa matatu, na bili itakuambia. Maji ya kuoga yanakaa kwa tangi kama digrii 50, na mara moja moja yanapandishwa kupita 60 ili bakteria wa lejionela wasizaliane humo. Wakati wa baridi kali, kile kisanduku cha nje kinajaa barafu, kwa hivyo mashine inajigeuza dakika chache kuyeyusha. Unaona mvuke unatoka unafikiri nyumba inaungua. Haiungui.

Leo Norway zaidi ya nusu ya nyumba ziko na pampu, na huko baridi si ya kuvaa hudi tu. Kwa hivyo mtu akikuambia hii kitu haiwezani na baridi, mwambie aende Norway na kaptula.

Sasa angalia orodha yote: kiwanda cha Rittinger, nyumba ya Haldane, baraza la Zürich, idara ya Sumner, wenye nyumba wa Sweden. Kila mahali ilishika, aliyenunua mashine ndiye aliyekuwa analipa bili. Mahali watu wengi ni wapangaji imekuwa vita. Ujerumani, ambako zaidi ya nusu ya familia hupanga, sheria ya kupasha nyumba ya 2023 nusura ivunje serikali, na swali moja kubwa lilikuwa nani atagharamia, mwenye nyumba ama mpangaji.

Na hapo ndipo mimi na wewe tunaingia. Nairobi hatuhitaji kupasha nyumba kama Stockholm. Tunahitaji maji moto, na hewa yetu hata Julai ni raha tupu kwa pampu. Piga hesabu. Shawa ya kilowati 5, dakika 10, ni yuniti 0.83. Watu wawili kila siku, mwezi mzima, ni yuniti 50. Pampu inayoleta tatu kwa moja ingetumia kama 17, tuseme 20 kwa sababu tangi hupoteza joto kidogo. Ndiyo, sola ni nzuri, na kanuni za sola za kupasha maji zilitolewa 2012. Lakini panda juu ya ghorofa ya Pipeline uone paa lilivyo dogo ukilinganisha na idadi ya bafu hapo chini. Pampu moja na tangi la pamoja vingetosha kona ya hilo paa.

Shida ni kwamba instanti shawa ni bei rahisi sana kununua, na anayeinunua ni mwenye ploti. Sisi tunanunua tokeni. Yeye akiweka pampu, ametoa pesa nyingi ili mimi niokoe yuniti 30. Kwa nini afanye hivyo? Mimi singefanya, kusema ukweli. Labda awe anauza yale maji moto, kodi iongezwe kidogo na mita ya maji moto iwe yake. Hapo ataanza kutafuta mashine inayokula kidogo, kama Rittinger na kuni zake.

Nilimpelekea keateka wetu hili wazo. Alinisikiza vizuri, akauliza kama hiyo pampu inaweza pia kupandisha maji kutoka tangi la chini, kwa sababu ile iliyopo imeharibika tangu Jumatatu. Kama ploti yenu iko na maji moto ya pamoja, niandikie mnalipa aje, na nani alinunua mashine.