Leicester Riders: Klabu Iliyodumu kwa Kutafuta Kwake

Leicester Riders ndiyo klabu kongwe kuliko zote zinazocheza mpira wa kikapu wa kulipwa Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1967, na ifikapo 2027 itatimiza miaka 60. Katika nchi ambako mpira wa miguu humeza karibu kila kitu, kuanzia kurasa za magazeti hadi fedha za wadhamini, huo ni umri mkubwa kwa timu ya kikapu. Historia za klabu aghalabu huandikwa kwa kuhesabu makombe, na Riders wanayo ya kutosha: wametwaa ubingwa wa ligi mwaka 2013, 2016, 2017, 2018, 2021 na 2022. Hata hivyo, makombe hutuambia klabu ilikuwa na nguvu lini. Hayatuambii kwa nini ipo hadi leo, ilhali nyingine zilizoishinda zimeshafutika. Jibu liko kwingine. Riders walitoka vyuoni na hawakukata uhusiano na vyuo, kisha wakajifunza kwa gharama kubwa kwamba timu isiyo na ukumbi wake huishi kwa hisani ya watu wengine.

Chimbuko lake si Leicester bali Loughborough, mji mdogo ulio kama kilomita 18 kaskazini mwa jiji hilo, unaojulikana kote Uingereza kwa ubora wa vyuo vyake katika michezo. Klabu ilianza kwa jina la Loughborough All-Stars. Enzi hizo mpira wa kikapu wa Kiingereza ulikuwa mchezo wa wanafunzi, walimu wa mazoezi ya viungo na wanajeshi, na ligi ya taifa haikuwapo hadi 1972. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu ilihamia Leicester kufuata watazamaji wengi zaidi na wafanyabiashara wa kuidhamini, na huko ndiko ilikopata jina la Riders. Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wanalijua jiji hilo kwa sababu nyingine: ndiko walikokwenda maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, ingawa halmashauri ya jiji ilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije. Vilabu vilipounda ligi yao ya kulipwa, BBL, mwaka 1987, jina la Riders lilikuwa limekwishazoeleka mjini.

Nyumbani kwao palikuwa Granby Halls, jengo la tangu Vita vya Kwanza vya Dunia lililotumika kwa maonyesho ya biashara, muziki na mchezo wa viatu vya magurudumu. Halikujengwa kwa ajili ya kikapu, wala halikuwa mali ya klabu. Mwaka 1999 likafungwa, na 2001 likabomolewa. Mwaka huohuo wa 2001, timu ikiwa chini ya kocha Bob Donewald Jr., ambaye baadaye alikuja kufundisha timu ya taifa ya China, Riders walitwaa Kombe la Taifa na kushinda mechi za mchujo za kufunga msimu. Kwa hiyo klabu ilifika kileleni uwanjani wakati ambapo haina pa kuita kwake. Kombe halikuirudishia ukumbi, wala halikuizuia kudidimia: miaka 12 ikapita bila kombe jingine, huku timu ikihama kutoka ukumbi mmoja wa chuo hadi mwingine, mara Leicester, mara Loughborough. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na klabu iliyopangiwa siku na saa za kucheza na mwenye ukumbi inajua maana ya maneno hayo.

Hapa msomaji makini ana haki ya kuuliza: mbona Riders walishinda tena kabla ya kujenga? Kocha Rob Paternostro, Mmarekani aliyewahi kucheza kwenye ligi hiyohiyo, alichukua timu mwaka 2008. Msimu wa 2012/13 akaiongoza kutwaa ligi, kombe na mchujo, na Kombe la BBL likarudi tena 2014, yote hayo bila ukumbi wao. Ni kweli, na ndiyo maana hoja yangu haisemi kwamba ukumbi huleta ushindi. Ushindi huletwa na kocha mzuri aliyepewa muda, na Paternostro alipewa muda ambao makocha wachache hupewa. Swali ni nani aliyeiweka klabu hai katika miaka 12 ya ukame hadi muda huo ukapatikana. Jibu ni vyuo. Vyuo vilitoa mahali pa kufanyia mazoezi na kuchezea, na katika vilabu vya Uingereza ni kawaida mchezaji kutoka Marekani kuvutiwa zaidi na nafasi ya kusoma shahada ya pili kuliko na mshahara mdogo anaoahidiwa. Uhusiano na Loughborough haukufa timu ilipohama. Uliendelea kupitia chuo kikuu na kupitia Charnwood College, ambako vijana wanalelewa kimchezo huku wakisoma. Timu iliyofungamana na shule hupata wachezaji wapya kila mwaka, hata pale ambapo mdhamini ameondoka.

Ukumbi wenyewe ulifunguliwa Januari 2016 katika mtaa wa Charter Street, kwa gharama iliyokaribia pauni milioni 5 na viti vipatavyo 2,400. Ulijengwa kwa ushirikiano wa klabu na halmashauri ya jiji, Leicester College na Sport England, chombo cha umma kinachogawa fedha za michezo. Muundo huo una maana kuliko ukubwa wa jengo. Wanafunzi na watoto wa mtaa huo hutumia sakafu ileile wanayochezea mabingwa, kwa hiyo jengo halilali kati ya mechi moja na nyingine, na klabu ina mahali pa kupata kipato na kulea vijana wiki nzima. Mwaka huohuo Leicester City walipoushangaza ulimwengu kwa kutwaa Ligi Kuu ya soka, Riders nao walikuwa mabingwa wa kikapu. Walirudia 2017 na 2018.

Wapo watakaosema viti 2,400 ni vichache mno, na kwamba klabu yenye ndoto kubwa ingejaribu kumbi za maelfu. Jaribio hilo lilikwishafanywa. Mwaka 1995 Manchester Giants walicheza mbele ya watazamaji 14,251 katika ukumbi mpya wa Nynex Arena, idadi ambayo Uingereza ilikuwa haijaiona katika mchezo huu. Giants walikuwa mabingwa wa mchujo mwaka 2000, na 2001 klabu ikafa. Ukumbi mkubwa wa kukodi hujaa siku ya sherehe. Gharama zake hulipwa na siku za kawaida. Kwa upande mwingine, Worcester Wolves walikuwa na ukumbi wa kisasa wa chuo kikuu na walishinda mchujo mwaka 2014, lakini mwaka 2021 walijiondoa kwenye ligi. Je, hilo halipingi hoja ya vyuo? Linaisahihisha. Ukaribu na chuo humsaidia anayeanza, ila ukumbi ukibaki wa chuo peke yake, klabu inabaki mpangaji, na gharama zikipanda ndiye wa kwanza kuondoka.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Desemba 2021 kampuni ya Kimarekani ya 777 Partners ilinunua asilimia 45 ya BBL, na London Lions, iliyokuwa mikononi mwa kampuni hiyohiyo, ikasajili wachezaji ambao vilabu vya mikoani visingeweza kuwalipa. Lions walitwaa ligi 2023, na 2024 wakafika nusu fainali ya EuroCup, mashindano ya vilabu vya Ulaya, hatua ambayo hakuna timu ya Uingereza iliyowahi kuifikia. Ilionekana kana kwamba zama za klabu za aina ya Leicester zimekwisha. Kisha 777 ikaporomoka, na Juni 2024 shirikisho la kikapu la Uingereza likaifutia BBL leseni. Ligi mpya, Super League Basketball, iliundwa kwa haraka na vilabu tisa, Riders wakiwa miongoni mwao. London iliponea kwa kupata mmiliki mwingine. Leicester haikulazimika kutafuta wa kuinunua. Wala si Leicester pekee: Newcastle Eagles, waliotwaa makombe yote manne ya msimu wa 2005/06 na tena 2011/12, hatimaye nao walijenga ukumbi wao mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya kufundisha kikapu shuleni. Vilabu viwili vilivyotawala mchezo kwa sehemu kubwa ya karne hii vilifikia uamuzi mmoja.

Tukubali kwamba Leicester ilikuwa na bahati. Si kila mji una chuo cha michezo jirani, na si kila halmashauri iko tayari kutoa fedha za umma kwa mchezo usiopendwa na wengi. Lakini bahati hiyo ilikuwapo tangu 1967, na ilichukua takriban nusu karne kuigeuza kuwa jengo. Kilichobadilika katikati ni kwamba klabu iliacha kujiona kuwa timu inayotafuta mahali pa kuchezea, ikaanza kujipanga kama taasisi ambayo jiji lina faida ya kuwa nayo. Ubingwa mpya ukipatikana utafurahisha, na ukikosekana utauma kwa msimu mmoja. Maadhimisho ya miaka 60 yakifika, orodha ya makombe itasomwa kama ilivyo desturi. Ingefaa ratiba ya matumizi ya ukumbi wa Charter Street nayo isomwe pamoja nayo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha klabu itakuwapo vipi ukame mwingine wa makombe utakapokuja.