Reli ya Juu ya Ubao

Hakuna safari fupi kama ya garimoshi linalozunguka juu ya ubao. Linaondoka stesheni, linapita chini ya mlima wa plasta, linavuka daraja la vijiti, na kabla mtazamaji hajameza mate limekwisha kurudi lilikotoka. Halibebi abiria wala magunia ya karafuu. Halimfikishi mtu popote. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, watu wazima wenye akili zao timamu, mafundi, makasisi, wapiga picha na makarani, wamejifungia vyumbani mwao usiku wakilijenga, wakilivunja na kulijenga tena. Anayeliita jambo hili mchezo wa watoto hajakosea sana, kwani ndiko lilikoanzia. Lakini historia yake yaonyesha kwamba mchezo ukichezwa kwa dhati huweza kuwa namna ya kuitazama dunia, na pengine namna ya kuihifadhi.

Reli ndogo ilizaliwa si muda mrefu baada ya reli kubwa, nayo ilianzia kwa wakubwa. Mnamo 1859 mwana wa Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alikuwa na reli yake ya kuchezea katika viwanja vya kasri la Saint-Cloud. Watoto wa matajiri wa Uingereza nao walinunuliwa vichwa vya garimoshi vya shaba vilivyochemsha maji kwa moto wa spiriti. Vichwa hivyo vilitambaa sakafuni bila ya reli yoyote na kuacha mchirizi wa maji nyuma yao, hata vikapewa jina la utani la watoka udenda. Mwenye kitu kama hicho alikuwa na mashine moja ya kustaajabisha, lakini hakuwa na njia, wala stesheni, wala mji wa kwenda.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1891. Kampuni ya Märklin, ya mji wa Göppingen nchini Ujerumani, ilipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig garimoshi la bati la kutiwa ufunguo, pamoja na vipande vya reli vya upana maalumu uliopewa nambari. Jambo hili laonekana dogo, kumbe ndilo lililofungua mlango. Aliyenunua kichwa kimoja mwaka huu aliweza kununua behewa mwakani na kipande cha reli mwaka wa tatu, na vyote vikaingiana. Reli ikawa kitu cha kuongezwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya mfuko wa mtu. Huko New York, Joshua Lionel Cowen alitengeneza gari dogo la umeme mwanzoni mwa karne ya ishirini, akikusudia livute macho ya wapita njia katika madirisha ya maduka. Inasimuliwa kwamba wateja waliziacha bidhaa na kulitaka gari lenyewe. Mjini Liverpool, Frank Hornby alianza kuuza magarimoshi yake ya ufunguo mwaka 1920.

Katika miaka ya 1930 garimoshi lilipunguzwa kimo ili lienee katika nyumba za watu wa kawaida. Kampuni mbili za Kijerumani, Märklin na Trix, zilitoa mwaka 1935 magarimoshi madogo ya umeme ya kuchezewa mezani, na Hornby ikafuata mwaka 1938. Mwaka 1934 lilikuwa limekwisha kuanzishwa mjini Milwaukee, Marekani, jarida la Model Railroader, lililomfundisha msomaji kujijengea badala ya kununua tu. Tokea hapo akazaliwa mtu mpya katika historia hii: mwanafunzi asiye na mwalimu, mwenye msumeno, gundi, ubao, na hamu isiyomwacha alale.

Kipimo kilichoenea kuliko vyote huitwa HO, na uwiano wake ni 1 kwa 87. Njia ya reli yenye upana wa milimita 1,435 hugeuka milimita 16.5. Mtu wa kimo cha wastani huwa sentimita mbili. Basi anayeanza hununua ubao mmoja wa plaiwudi, futi nne kwa nane, akaulaza juu ya miguu ya mbao, akadhani amepata nchi. Apige hesabu: urefu wote wa ubao ule unazidi kidogo tu mita 210 za ardhi ya kweli. Kwa kipimo hicho stesheni moja ya wastani yaweza kuujaza ubao mzima, pasibaki hata nafasi ya mti.

Hapa ndipo fundi wa reli ndogo anapokutana na mtunzi wa tenzi. Naye huyo amepewa mizani nane katika kila mshororo, na katika mizani hizo hana budi kuingiza vita, safari na mauti. Hawezi kusema yote. Huchagua, hufinya, huacha. Kadhalika fundi: bonde la kilomita tano hulifanya pindo moja la njia, msitu huufanya miti kumi na miwili, mji huufanya nyumba sita na kanisa. Anayeanza aghalabu hukosea hapa hapa. Hutaka njia tatu, stesheni mbili, mgodi na bandari juu ya ubao mmoja, na matokeo yake ni reli zilizosokotana kama jarife lililotoka kwenye mwamba. Pindo likiwa kali mno, behewa refu huanguka. Kiungo kimoja kisipokaa sawa, msafara wote huanguka.

Umeme nao una adabu yake. Hupita katika reli moja, ukaingia katika mota kwa njia ya magurudumu, ukarudi kwa reli ya pili. Vumbi kidogo likitanda juu ya reli, safari husimama. Na iwapo njia itafanywa kitanzi kinachojirudia na kujiunga na mgongo wake wenyewe, reli ya kulia itagusana na ya kushoto na umeme utakatika, mpaka sehemu ile itengwe na kupewa swichi yake. Wengi walijifunza sheria hii baada ya kumaliza kupigilia misumari.

Katika watu walioanzia kwenye ubao mdogo hakuna aliyefika mbali kama John Allen. Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Missouri, Marekani, na baadaye akakaa Monterey, kwenye pwani ya California. Hakuwa mhandisi wa reli, bali mpiga picha. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, akiwa amevuka miaka thelathini, alijenga reli yake ya kwanza nyumbani juu ya ubao uliozidi kidogo mita moja kwa upana na mita mbili kwa urefu. Akaiita Gorre & Daphetid, majina mawili ambayo yakitamkwa kwa Kiingereza husikika kama maneno ya mtu aliyelowa damu na kushindwa vitani. Mzaha huo ulifaa. Kila aliyewahi kuipigania njia isiyotaka kunyooka aliuelewa mara moja.

Allen alileta jicho la mpiga picha katika kazi ya seremala. Viwanda huuza magarimoshi yanayong'aa, naye aliona kwamba mng'aro ule ndio unaoufichua uwongo. Alivipaka vichwa vyake masizi na kutu, akayabonyeza mapaa ya nyumba, akaziparuza mbao za maghala hata zikaonekana zimepigwa na mvua za miaka mingi. Alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwafundisha wenzao kwamba kitu kisicho na umri hakisadikiki. Alitumia vioo ili mtaa mfupi uonekane mrefu, na vitu vya nyuma akavifanya vidogo zaidi ili jicho lidhani viko mbali. Katika yadi yake alimweka mnyama wa kale mwenye mapanga mgongoni, wale waliotoweka duniani zamani za zamani, amfanyie kazi ya kusukuma mabehewa. Aliyeyajua yote haya alijua pia kucheka.

Ule ubao wa kwanza haukutupwa. Allen alipohamia nyumba nyingine na kuanza, katika miaka ya 1950, reli kubwa iliyokienea chumba cha chini cha nyumba yake, aliuingiza ubao ule ndani ya kazi mpya, kama kitongoji cha zamani kinavyomezwa na mji. Milima yake ilianzia sakafuni ikafika darini. Wageni walipita katikati ya mabonde. Marafiki walikusanyika kuendesha magarimoshi kwa ratiba, kila mmoja na wajibu wake, na saa ya humo ndani ikikimbia kuliko saa za dunia. Picha zake zilichapwa katika majarida, na wengi ambao hawakufika Monterey maisha yao yote waliijua nchi ile kuliko wilaya za jirani zao.

Allen alifariki Januari 1973, akiwa na umri wa miaka 59, baada ya karibu miaka ishirini ya kuijenga reli ile. Siku chache tu baada ya kifo chake moto uliizukia nyumba na kuiteketeza sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ubao wa kwanza ukiwa humo humo.

Hapa mwenye kudharau atauliza: basi faida iko wapi? Miaka ishirini, na mwisho wake ni jivu. Swali hili ni zito, na halijibiki kwa kusema kwamba picha zimebaki, ingawa ni kweli zimebaki, na mwaka 1981 zilichapwa katika kitabu kizima kuhusu kazi yake. Jibu limo katika mikono ya watu wengine. Mwanafunzi anayechukua brashi leo na kulipaka behewa jipya vumbi na kutu, awe amelisikia jina la Allen au hajalisikia, anaendeleza alichofundisha mtu yule. Vilivyoungua ni mbao na plasta. Namna ya kutazama ilikuwa imekwisha kutoka nje ya nyumba.

Wako pia waliojenga kwa kusudi la kuokoa. Roye England, kijana wa Australia, alifika Uingereza mwaka 1925 akaipenda nchi ya Vale of White Horse, na nyumba zake za makuti ya majani makavu, ambazo aliziona zikibomolewa na kubadilishwa. Akaanza kuzipima na kuzijenga upya kwa kimo cha kiganja, paa kwa paa, bustani kwa bustani. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho la Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham. Humo pia ndimo ilimohifadhiwa reli ndogo ya John Ahern, iitwayo Madder Valley, baada ya mwenyewe kufariki. Ya Allen iliungua, ya Ahern ikaokoka. Tofauti ni kwamba palikuwa na watu waliotayarisha mahali pa kuiweka.

Kisiwa cha Unguja kina sababu yake ya kulisikiliza somo hili, maana kimewahi kuwa na reli mbili na hakikubaki na hata moja. Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga njia nyembamba kuelekea kasri lake la Chukwani. Mabehewa yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha na kichwa kidogo cha mvuke kilichoagizwa Uingereza. Alipofariki, njia iling'olewa. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya Bububu, maili saba, ikianzia Ngome Kongwe na kupita Malindi kabla ya kutoka mjini. Abiria wake wa mwisho waliteremka mwaka 1922, barabara na motokaa zilipokwisha kuipokonya kazi.

Kwa kipimo cha 1 kwa 87, maili saba zile zingekuwa mita 130: hakuna nyumba ya kuzienea. Lakini mita 210 za kuanzia Ngome zaenea juu ya ubao mmoja wa futi nne kwa nane. Ukuta mkongwe, njia nyembamba, mabaraza, moshi uliotia masizi kwenye chokaa, na watu wa kimo cha sentimita mbili wakisogea pembeni kulipisha garimoshi. Anayeanza hahitaji zaidi ya hapo. Ahakikishe tu viungo vya reli vimekaa sawa, na kuta asizipake chokaa mpya.