Ithibati ya Majengo ya Kijani: Kipimo cha Kigeni katika Mazingira ya Kenya

Ithibati ya jengo la kijani ni cheti kinachotolewa na taasisi huru baada ya kupima jinsi jengo linavyotunza nishati, maji, vifaa vya ujenzi na afya ya wanaolitumia. Kipimo cha BREEAM kilianzia Uingereza mwaka 1990. LEED cha Marekani kikafuata mwaka 2000, na Green Star cha Australia mwaka 2003. Kwa kuwa makanisa, shule na zahanati zetu hujengwa kwa michango ya waamini, yatupasa kujua cheti hicho kinapima nini, na kama kinachopimwa ndicho tunachokihitaji.

Kwa nini kipimo hurekebishwa

Kila kipimo hubeba hali ya hewa, sheria na desturi za ujenzi za nchi kilikozaliwa. Penye majira ya baridi kali, kuta na madirisha husifiwa kwa kuhifadhi joto ndani. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, jengo lililosanifiwa vema laweza kutumika mwaka mzima bila mashine ya kupasha joto. Mombasa taabu ni joto na unyevu. Hata jua hutofautiana. Wasanifu wa Ulaya huelekeza madirisha kusini ili kupata joto. Kwetu, karibu na Ikweta, jua la adhuhuri hupita juu ya paa, likiinamia kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kuta zinazochomwa zaidi ni za mashariki na magharibi.

Njia iliyofuatwa na Afrika Kusini

Baraza la Majengo ya Kijani la Afrika Kusini, lililoanzishwa mwaka 2007, lilichukua Green Star ya Australia, likairekebisha kulingana na sheria na hali ya nchi, na mwaka 2008 likatoa toleo la kwanza, la majengo ya ofisi. Katika mfumo huo, alama 45 hadi 59 hustahili nyota 4, alama 60 hadi 74 nyota 5, na alama 75 au zaidi nyota 6. Baadaye kiliongezwa kigezo cha kijamii na kiuchumi, kinachouliza kama ujenzi umeleta ajira, mafunzo ya ufundi na manufaa kwa jumuiya jirani.

Hali ya Kenya

Green Star ya Afrika Kusini imetumika Kenya pia, lakini haitoshi kuihamisha ilivyo. Umeme wa Afrika Kusini hutokana zaidi na makaa ya mawe. Wetu hutokana zaidi na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Kwa hiyo uniti moja ya umeme iliyookolewa Johannesburg huzuia hewa ya ukaa nyingi kuliko iliyookolewa Nairobi. Katika maeneo yetu makavu, tangi la maji ya mvua laweza kustahili uzito mkubwa zaidi.

EDGE, mfumo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), hulinganisha jengo na jengo la kawaida la mahali hapohapo, na kudai akiba isiyopungua asilimia 20 katika nishati, maji na vifaa vya ujenzi. Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya nacho kimeandaa kipimo cha nyumbani, Safari Green Building Index.

Maswali kwa kamati ya ujenzi

Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, ibara ya 144, anaonya kwamba kanuni za namna moja kwa wote zaweza kupuuza ugumu wa matatizo ya mahali. Basi, kabla ya kulipia cheti, tumuulize msanifu: jengo letu linalinganishwa na lipi? Maji yamepewa uzito gani? Je, mawe na matofali ya hapa kwetu yanahesabiwa? Fundi wa kijijini ataweza kulitengeneza likiharibika?

Cheti hugharimu fedha, na si kila parokia itakimudu. Lakini kugeuza madirisha yasikabili jua la jioni, kuvuna maji ya paa na kuacha hewa ipite ni mambo tunayoweza kuyaamua mapema, mchoro ungali mezani, hata bila cheti.