Mizani Kabla ya Mashine: Lumbesa, Viazi vya Tandala na Akili Mnemba

Mjadala wa kuingiza akili mnemba katika sekta za uchumi umepamba moto Afrika Mashariki. Rwanda ilipitisha sera yake ya taifa mwaka 2023, Umoja wa Afrika ukaidhinisha mkakati wa bara mwaka 2024, na Kenya ikazindua wa kwake mwaka 2025. Wachangiaji wengi huanza na mitambo, intaneti na wataalamu. Makala hii inatetea hoja kwamba kwa kilimo chetu cha chakula, kazi ya kwanza ni mizani. Mashine hujifunza kutokana na kumbukumbu, na kumbukumbu zikiwa na kasoro, kasoro hiyo itarudi kwa mkulima ikiwa imevaa joho la sayansi.

Tutazame viazi mviringo vya Tandala, wilayani Makete, mkoani Njombe, Tanzania. Msimu wa mavuno, gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha viazi huendelea kupangwa juu yake vikizungushiwa wavu na kushonwa kwa kamba, hadi gunia linaota kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Hata hivyo, pale shambani bei hutajwa kwa gunia, na daftari huandikwa gunia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gunia likiuzwa shilingi 70,000 likiwa na kilo 100, mkulima amepata shilingi 700 kwa kilo. Bei ikibaki ileile na gunia likafika kilo 140, amepata shilingi 500. Daftari litaonyesha kwamba bei haikubadilika. Programu ya kutabiri bei ikifundishwa kwa daftari hilo, itamwambia mkulima kuwa soko limetulia, ilhali ameshapoteza shilingi 200 kwa kila kilo.

Mazao mengine yanaonyesha kwamba hali hii si majaliwa. Mkoani Njombe kwenyewe, majani mabichi ya chai hupimwa kwa kilo. Korosho za mikoa ya kusini nazo huuzwa mnadani kwa kilo kupitia stakabadhi ghalani. Sekta hizo zina matatizo yake, lakini mashine ikiletwa huko itakuta namba zenye maana.

Funzo jingine linatoka kwa Nuru, programu ya simu inayotambua magonjwa ya mihogo na kuzungumza Kiswahili. Ilifundishwa kwa picha za majani zilizopigwa mashambani katika pwani ya Tanzania, na wataalamu wakalitaja kila jani kwa ugonjwa wake. Nguvu yake ilitokana na kazi hiyo ya subira. Hata hivyo, ilipojaribiwa shambani kwa simu, usahihi ulipungua. Basi atakayetaka mashine itambue ukungu wa viazi kwenye baridi ya Makete hana budi kuanza na majani ya Makete.

Wapo watakaosema tusisubiri: kamera ya simu inaweza kukadiria uzito wa gunia kwa kulitazama tu. Inawezekana. Lakini hata kamera hiyo lazima ifundishwe kwa magunia ambayo uzito wake unajulikana, na uzito haujulikani ila kwa mizani. Hoja hiyo inaturudisha palepale.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kituo cha kukusanyia viazi kiwe na mizani iliyohakikiwa, na muuzaji apewe risiti yenye kilo, aina ya mbegu, tarehe na bei. Pili, nakala ya kumbukumbu hizo ibaki kwenye chama cha ushirika cha wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu mmojammoja. Taarifa za mavuno ya kijiji kizima zinahitaji makubaliano yake, ili kampuni itakayotaka kuzitumia kufundishia mashine izungumze kwanza na walioyalima.

Gharama ya mizani ni ndogo ukilinganisha na ya mitambo, na faida yake haingoji teknolojia. Siku lori litakapopakia viazi vilivyopimwa na kuteremka kuelekea Makambako, mkulima atakuwa ameshalipwa kwa kila kilo aliyoitolea jasho. Kumbukumbu ya siku hiyo ndiyo inayofaa kufundishia mashine.